Kasida ya Mzee na Sanduku Lake

Wengine wamesifu majahazi, wengine wachumba waliowakimbia. Mimi leo namsifu Mzee, laptopu yangu ya Apple ya mwaka 2018 yenye prosesa ya Intel, pamoja na sanduku jeusi alilofungwa nalo kwa waya mfupi, ambamo mna kadi ya picha ya Radeon na mtambo wa umeme wa wati 650. Wawili hawa wanakaa juu ya meza moja Makindye, Kampala, na kwa jasho lao nahariri video za harusi na za kwanjula, siku ile ambayo bwana anatambulishwa kwa wakwe na mifuko ya sukari inahesabiwa hadharani.

Nianze na sauti. Kompyuta za siku hizi ni bubu. Huwezi kujua kama iko hai mpaka uiguse. Mzee anasema. Nikifungua barua pepe anavuma kama mbu mmoja aliyenaswa ndani ya chandarua. Nikifungua kurasa nne za intaneti anageuka birika linalokaribia kuchemka. Nikimwagiza kurenda, yaani kupika saa tatu za picha ziwe faili moja, ananguruma, sanduku nalo linamwitikia kama waitikiaji wa kasida, na mtaa mzima unajua kwamba kuna bibi harusi yuko jikoni. Kwa sauti hiyo naweza kwenda kwenye kona kununua rolex ya chapati na mayai, nikasimama pale kwenye kikaango nikisikiliza. Mvumo ukishuka taratibu, kazi imekwisha. Ukikatika ghafla, zilizokwisha ni yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla.

Siku moja mama mmoja, mgeni mtaani, alibisha hodi na beseni la mahindi kichwani. "Kaka, hapa mnasaga kilo kwa ngapi?" Nikamweleza kwamba hapa hatusagi posho. Akachungulia juu ya bega langu, akaliona sanduku na taa yake nyekundu, akanitazama kama mtu anayenyimwa haki yake kwa sababu hajulikani. Wiki iliyofuata akaja mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kuuliza kama kiwanda kina leseni. Nikamkaribisha chai. Alikaa mpaka harusi ikafika asilimia 40, akatoa maoni juu ya gauni la gomesi la shangazi wa bibi harusi, akaondoka bila kuitaja leseni. Ni kompyuta gani mpya itakuletea serikali nyumbani, iketi, inywe chai, iage? Hata wezi wanamheshimu Mzee. Panaposagwa usiku kucha, pana watu macho.

Fadhila zake nyingine ni ndogondogo. Hakuna ndugu aliyewahi kumwazima mara mbili. Mvua zikishuka paka analala juu ya sanduku. Nami nimejifunza kupiga dua kabla ya kubonyeza.

Uaminifu je? Sanduku nililinunua mwaka 2021, kwa laki nane, kutoka kwa kijana wa mjini aliyekuwa akitabasamu kupita kiasi. Tabasamu lile nililielewa baadaye. Machi 2018 Apple ilikuwa imefungua rasmi mlango wa kadi za picha za nje: ukiwa safarini unabeba laptopu nyembamba, ukirudi nyumbani unaichomeka kwenye sanduku inakuwa jitu. Juni 2020 Apple ikatangaza kwamba inaachana na Intel na kuingia kwenye prosesa zake yenyewe. Novemba zikatoka za M1, na tangu hapo hakuna hata moja katika ukoo huo inayoitambua kadi ya nje. Miaka miwili na miezi mitatu, tangu mlango kufunguliwa mpaka siku ya tangazo! Kuna boda boda hapa wanaolipa mkopo wa pikipiki kwa muda mrefu kuliko huo. Basi kwa Apple mpya sanduku halina pa kwenda, na Mzee bila sanduku hawezi kuinua hata ngoma ya mwanzo ya kwanjula. Wameshikana kama kipofu na kiwete, nami nauita huo uaminifu.

Sitadanganya, hizo mpya ni nzuri. Mpwa wangu anayo moja isiyo na feni kabisa. Aliiweka mapajani, ikarenda kwanjula nzima, nikaigusa mgongoni: baridi kama mtungi. Ilinichukiza sana.

Na huu si uhamaji wa kwanza. Mwaka 1994 walihama Motorola wakaenda PowerPC, 2006 wakahamia Intel, 2020 wakahama tena. Katika safari mbili za mwisho waliajiri mkalimani, programu iitwayo Rosetta, ili kazi za zamani zieleweke kwa mwenyeji mpya. Wa kwanza alifukuzwa 2011. Wa pili ameshapewa notisi. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba Tahoe ndilo toleo la mwisho la macOS, mfumo wa kompyuta hizi, kwa zenye Intel, na katika zenye Intel zote zikaitwa aina nne tu. Mzee hakuitwa. Amebaki kwenye Sequoia ya 2024. Hakuugua, hakupimwa na daktari, jana yake tu alikuwa amepika harusi mbili. Jina lake halikusomwa, basi.

Wanaodhani mashine ya zamani haifai kazi waende hapo Wakaliga. Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 akitumia kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri vya zamani, na dunia imeitazama. Lakini Nabwana aliweza kuzifungua. Fundi wangu wa William Street, mtu anayefufua simu iliyolala chooni, alimfungua Mzee, akatazama, akavuta pumzi, akamfunga. Kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi. Diski imechomelewa kwenye bodi. Pembeni kuna chipu ya usalama inayoilinda hiyo diski. Inailinda dhidi ya nani? Dhidi ya fundi wangu! Mtu mwenye bisibisi, leso na watoto wanne!

Kamunye, teksi ninayopanda kwenda mjini, ni Hiace iliyotengenezwa kabla Intel haijaingia kwenye kompyuta hizi. Mlango wake unashikiliwa na kondakta. Lakini soko la Kisekka utapata kila skrubu yake, na hakuna mtu huko Japani anayeweza kuamka asubuhi akaiandikia kwamba barabara ya Entebbe haiitambui tena.

Wakubwa wetu nao waliliona tatizo la mashine zilizokufa, wakamkamata aliyekuwa karibu. Katika bajeti ya Juni 2009 serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza friji, televisheni na kompyuta zilizotumika. Nia naielewa. Kulikuwa na hofu ya kugeuzwa jalala la wenzetu, na takataka nyingine zinakuja na cheti cha msaada. Mwaka 2018 ikawa zamu ya magari yenye zaidi ya miaka 15. Katika kesi zote mbili aliyesimama kizimbani ni mzee. Kontena hukaguliwa Mombasa, likakaguliwa tena Malaba, likafunguliwa Kampala likahesabiwa kila waya. Tangazo linaloua kompyuta elfu kwa siku moja halipiti forodha yoyote. Halilipiwi ushuru wa mazingira. Linaingia usiku kupitia intaneti, ambayo bando lake nimelilipia mimi pamoja na kodi ya asilimia 12, linaniambia kwa adabu nyingi kwamba ni wakati mzuri wa kununua mpya.

Naona nimepandisha sauti. Ni kumwiga Mzee.

Mpaka naandika hapa, harusi ya Jumamosi imefika asilimia 63 na feni ya kushoto imeanza kukwaruza. Mwenye laptopu kama hii, kioo kimepasuka au betri imevimba, tafadhali asiitupe. Feni ya kushoto nitainunua kwa bei nzuri, na chai ipo. Makindye, ulizia tu pale wanaposaga.