Zanzidar na Kuku wa Mununga

Ikifika tarehe 1 Desemba, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Nyavu hukunjwa, mitumbwi hupandishwa mchangani, na Mununga, karibu na mahali mto Kalungwishi unapomwaga maji yake ziwani, watu hupata kitu ambacho miezi mingine hakipatikani hata kwa kukopa: nafasi. Mkusanya stempu naye hushusha sanduku lake la bati. Ubaya ni kwamba miezi hiyo ndiyo ya mvua, na stempu mpya ina gundi mgongoni. Asiyefungua sanduku tangu Septemba atawakuta rais, twiga na mgodi wa shaba wamekumbatiana kama ndugu waliokutana msibani, na hakuna wa kuwaachanisha bila mmoja wao kuacha ngozi.

Ushauri wa wakongwe ni kuweka mchele kidogo ndani ya kitambaa, humo humo sandukuni, unyonye unyevu. Ushauri mzuri, na mchele kweli hunyonya. Baada ya mwezi, mkusanyaji anakuwa mfugaji wa fukusi. Mende naye, ambaye mchele haumshughulishi, huja kwa ajili ya gundi. Hana haja na picha. Hula mgongo wa stempu taratibu na kuuacha uso wa mheshimiwa ukitabasamu, kwa hiyo hasara haijulikani mpaka stempu ishikwe na kibano.

Stempu iliyokwisha kutumika nayo ina adha zake. Haibanduliwi kwa kucha. Hukatwa pamoja na kipande cha bahasha, ikawekwa ielee kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, picha ikitazama juu, mpaka karatasi iachie yenyewe. Kisha hulazwa kifudifudi juu ya gazeti, na ikikauka hubanwa ndani ya kitabu kizito. Tatizo ni hapo penye kukausha. Uani Mununga ndipo panapoanikwa chisense, wale dagaa wa Mweru, na kuku wa pale wamekulia katika imani kwamba chochote kidogo kilichotandazwa juani ni riziki yao.

"Baba, chisense nawalinda mimi," mama mwenye nyumba humwambia mumewe. "Hivyo vikaratasi vyako atavilinda nani?"

Hata maji yenyewe si ya kuaminiwa. Kampuni ya De La Rue ya London, iliyochapa stempu nyingi za makoloni ya Uingereza, ilikuwa ikitumia wino wa zambarau na wa kijani uliotengenezwa makusudi uchuje ukiloweshwa, ili mjanja anayefuta muhuri aitumie stempu mara ya pili aumbuke. Wajanja wale wamekufa zamani. Wanaoumbuka leo ni watu waaminifu wanaotazama sura ya mfalme ikigeuka chai ya rangi sahanini.

Linalouma zaidi ni kwamba katika shughuli hii kosa la ofisi lina bei, kosa la nyumbani halina. Mwaka 1895, posta ya Zanzibar ilipotoka mikononi mwa posta ya India, stempu za India ziliendelea kutumika zikiwa zimepigwa chapa ya jina la Zanzibar. Kazi hiyo ilifanywa kwenye mtambo wa gazeti la Zanzibar Gazette, kwa herufi za risasi zilizopangwa moja moja kwa mkono. Herufi za namna hiyo huchongwa kinyume, kwa hiyo b ikiwa kisandukuni mwake inaonekana d. Fundi akadaka aliyodhani ndiyo, na dunia ikapata stempu za Zanzidar. Nyingine zikatoka Zanibar, nyingine Zanizbar. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye imla atakatwa alama. Fundi yule ameingia kwenye katalogi, na stempu zake zinatafutwa kwa hela nyingi mpaka leo.

Huku kwenyewe mambo hayakuwa tofauti. Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya kabla ya 1964, ilianza kutoa stempu zake mwaka 1925, zenye kichwa cha mfalme juu na twiga na tembo chini. Katika zile za peni moja na nusu za enzi ya George wa Sita, kuna zilizotoka na doa dogo la wino katika picha ya wanyama. Kwingine doa ni doa. Wakusanyaji wao walilitazama kwa lenzi, wakaamua kwamba ni ndege mla kupe, wakalipa jina hilo rasmi na kulipandishia bei. Doa la mchuzi wa samaki, hata likifanana na tai mzima, halijawahi kupata heshima hiyo.

Kilele cha mambo haya ni kamba. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za miaka ya 1930 zina picha ya jahazi katika Ziwa Viktoria. Kuna nakala ambazo kamba imeungana na tanga, na kuna ambazo haikuungana, na katalogi huzitenga kwa bei. Jambo hili ukilieleza ufukweni Mununga, hutamaliza maelezo. Mvuvi atakurudishia lenzi na kuuliza ni nani aliyeondoka bandarini tanga halijafungwa, na kama alifika.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kilwa na Pweto, kosa lilikuwa la nchi nzima. Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na moja ya kazi za mwanzo ikawa kuchukua stempu za Kongo ya Wabelgiji, zenye maua na vinyago, na kuzigonga neno KATANGA. Umoja wa Posta Duniani haukuitambua Katanga. Nchi yenyewe ilikwisha Januari 1963. Stempu zake bado zipo kwenye albamu huko na huko, zimetulia, zimeishi mara nyingi zaidi ya serikali iliyozitoa.

Zanzibar ilikuja kupiga chapa tena mwaka 1964, safari hii bila kukosea tahajia. Mapinduzi ya Januari yalipomwondoa Sultani, stempu za enzi ya usultani zilikuwa bado zimejaa posta, basi zikagongwa muhuri wa mkono, JAMHURI 1964, na biashara ikaendelea. Familia moja ya Kiparsi iliyohama Unguja mwaka huo ilikuwa na kijana mkusanya stempu, Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Albamu yake ya utotoni sasa iko Makumbusho ya Posta, London. Uingereza ilipomtolea stempu mwaka 1999, kukazuka malalamiko: nyuma yake alionekana Roger Taylor, mpiga ngoma wa bendi yake, naye yu hai, na desturi ilikuwa kwamba watu hai wanaokaa kwenye stempu ni wa ukoo wa kifalme tu.

Postikadi zina raha nyepesi zaidi, maana makosa yake ni ya waandishi wenyewe. Zamani upande wa nyuma wa kadi ulikuwa wa anwani peke yake. Uingereza iliruhusu kuugawa, anwani huku na ujumbe huku, mwaka 1902 tu. Kabla ya hapo, aliyetaka kusema neno aliliandika juu ya picha. Ndiyo maana katika kadi za kale watu hueleza habari za homa na joto juu ya jengo zuri ambalo mpiga picha alilisubiri jua asubuhi nzima.

Mwaka 1964 Zambia huru ilitoa stempu zake, na ile ya shilingi moja ilionyesha uvuvi wa Mpulungu. Mpulungu iko Ziwa Tanganyika. Mweru haikuulizwa. Kwa mkusanyaji wa Mununga hilo ni dogo mbele ya balaa la sasa, kwamba hakuna anayeandika barua. Habari za mjini huja kwa simu, na barua ya ng'ambo huvuka ziwa mfukoni mwa mvuvi, bila stempu wala muhuri. Kwa hiyo mkusanyaji hupanda gari mpaka posta ya wilayani, akanunua stempu nzuri kuliko zote, akaibandika kwenye bahasha.

"Mzee, hii inakwenda kwa nani?" karani huuliza.

"Kwangu, mwanangu. Ugonge pembeni tu, polepole."

"Sasa si uichukue mkononi?"

Mzee hueleza. Karani husikiliza kwa adabu zote, huinua muhuri, na kwa kuwa amemhurumia, humgongea mara mbili, katikati, kwa nguvu, ili ifike haraka.