Mkono Mtupu Haurushi Ndege

Mpwa wangu alinipigia simu saa tano usiku, akaniamkia mara mbili. Mtu mzima akikuamkia mara mbili usiku, jua kuna neno la fedha nyuma yake.

"Mjomba, leseni nimeipata."

Nikashukuru, maana leseni ile tuliifungia mkanda ukoo mzima. Saa 200 za kuruka vindege vya Cessna pale Wilson, Nairobi, kila saa na bei yake, na mafuta ya ndege hayakopeshwi. Shamba la minazi la marehemu babu yake, huku Kilifi, lilikwenda lote, kikabaki kisima. Nilipomuuliza ataanza kazi lini, akashusha sauti: "Sasa imebaki retingi tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kwa asiyejua, kama nilivyokuwa sijui: leseni ya rubani wa biashara inakuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, ila ndege kubwa utaziangalia kwa macho. Ndege za jeti, na zile zinazotaka marubani wawili, kila aina ina cheti chake, ambacho wenyewe hukiita taipu retingi. Aliyesomea Boeing 737 tu hana ruhusa ya kugusa Airbus A320. Masomo ni wiki kadhaa za darasani, kisha vipindi kama kumi vya saa nne nne ndani ya simuleta. Kwa Ulaya, cheti cha mojawapo ya ndege hizo mbili hukaa kati ya euro 20,000 na 30,000. Desturi ya zamani ilikuwa kampuni ikuajiri, ikulipie, halafu ikufunge kwa mkataba wa miaka miwili mitatu usije ukaikimbia. Siku hizi mahali pengi unatakiwa uje nacho mwenyewe, kama mtoto wa bweni anavyokuja na godoro lake.

Watu hulitukana sana jambo hili. Mimi nimelitazama kwa wiki mbili nzima, nimeona limeonewa. Naomba nilisifu.

Kwanza limehifadhi mila ya mahari, ambayo vijana walikuwa wameanza kuipigia hesabu za ujanja. Hapa hakuna kubembelezana wala kulipa nusu nusu. Unatoa chote, ndipo unaonyeshwa mke. Na wakwe wenyewe ni wakarimu kuliko wakwe wote wa pwani hii: ukitoa mahari ya A320 unapewa na dada zake A318, A319 na A321, wote kwa cheti kimoja. Hata nasaba haifichwi. Zile A220 walizonazo jirani zetu wa Air Tanzania zilizaliwa Canada, kwa Bombardier, zikiitwa CSeries. Mwaka 2018 Airbus wakaziposa na kuzibadili jina. Lakini fungua leseni ya rubani wake, utakuta imeandikwa BD-500, jina la kwa baba. Usawa nao umo: rubani mwanamke hutoa mahari ileile, shilingi kwa shilingi, na hakuna shangazi wa kumtetea.

Kuna dosari ndogo, nayo naitaja kwa haki tu. Mahari hii haiendi kwa bibi harusi wala kwa wazazi wake, na bibi harusi mwenyewe ni mali ya mtu mwingine. Tena ndoa ina tarehe ya mwisho. Kwa kanuni za Ulaya retingi hudumu mwaka mmoja. Usipotahiniwa upya kabla haujakatika, imekwisha. Kwa hiyo kijana aliyekosa ajira hurudi kulipia simuleta, ahuishe ndoa yake na mke ambaye hajawahi kumpikia hata chai.

Simuleta yenyewe yataka sifa zake peke yake. Ni chumba cheupe kilichosimama juu ya miguu sita kama mdudu mkubwa, na ndani yake mna kila kitu cha ndege isipokuwa ndege. Kwa kuwa bei yake ni mamilioni ya dola, hailazwi. Hukodishwa mchana na usiku. Mwanafunzi aliyepangiwa saa nane za usiku atazimiwa injini moja hasa pale ambapo magurudumu yanataka kuacha lami, atatokwa jasho la kweli kwa ajali ya uongo, huku mfadhili wake, yaani mimi, nimelala fofofo.

Babu wa mashine hii alikuwa kisanduku chenye mabawa mafupi. Kilitengenezwa mwaka 1929 na Edwin Link, kijana wa Binghamton, jimbo la New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya kanisani. Link alichukua mivukuto ya vinanda, akaipa kazi ya kukiinamisha na kukiinua kisanduku. Shule za urubani hazikukitaka. Basi wanunuzi wake wengi wa mwanzo wakawa wenye viwanja vya burudani: mtu anatoa sarafu yake, anapanda, anacheza urubani, anashuka. Hata hataza yake ilikitaja kuwa ni chombo cha kufundishia marubani na vilevile cha kuburudishia watu. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuchungulia. Kumbe asili ya jambo ni hiyo hiyo: weka sarafu, panda, cheza, shuka.

Waliovuruga ni wanajeshi. Mwaka 1934 Jeshi la Marekani lilikabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani wake, wasiozoea kuruka kwa kutazama vipimo vya ndani ya ndege peke yake, wakafa mmoja baada ya mwingine katika hali mbaya ya hewa. Jeshi likanunua visanduku sita vya Link, dola 3,500 kila kimoja. Likalipa lenyewe. Hakuna askari aliyeambiwa aje na dola zake. Kosa lile la kudhani kwamba anayemiliki ndege ndiye anayepaswa kugharimia mkono wa kuirusha lilienea dunia nzima, na imechukua miaka mingi kulirekebisha.

Waliolirekebisha wapewe shukrani zao. Southwest ya Marekani kwa miaka mingi haikumruhusu rubani mpya aanze kazi bila retingi ya 737 mkononi. Ryanair ya Ireland iliwatoza wanagenzi wake karibu euro 30,000. Kisha wakazuka madalali waliokwenda mbele zaidi, wakawa wanauza saa zenyewe: unalipa maelfu ya dola, unakalishwa kiti cha kulia katika safari za kweli, zenye abiria wa kweli. Fikiria heshima hiyo. Nyuma kuna mama aliyepata tiketi ya nauli ya chini, anang'ang'ania dirisha. Mbele kuna kijana mwenye tai na mistari mabegani, naye ndiye aliyelipa nauli kubwa kuliko wote.

Marubani wenyewe hubishana. Wazee, waliolipiwa na kampuni zamani, husema anayejilipia anaharibu soko: leo umelipa wewe, kesho mwajiri atamwuliza kila mtu kwa nini asilipe. Vijana hujibu kwamba usipolipa wewe atalipa mwenzio, na saa zako 200 zitaozea kabatini. Kila upande una haki, na ndio uzuri wa retingi ya kujilipia: imewafanya watu wa kazi moja wagombane wao kwa wao kuhusu bili ya mtu wa tatu, naye wa tatu anakunywa kahawa. Ukimfuata atakwambia mkono mtupu haulambwi, na fundi huja na nyundo yake. Ni kweli. Ila sijaona fundi aliyeambiwa anunue nyundo inayopigilia nyumba ya tajiri mmoja tu, na nyumba ikiuzwa nyundo nayo ikafe.

Mtu mmoja mwenye fitina alinionyesha habari za Marekani. Baada ya ndege kuanguka karibu na Buffalo mwezi Februari 2009 na kuua watu 50, Bunge lao lilipitisha sheria, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la ndege kule kwa kawaida hutakiwa awe na saa 1,500. Marubani wakaadimika. Ghafla mashirika madogo yaliyokuwa yakilia umaskini yakaanza, juu ya kuwalipia retingi, kuwapa kitita cha kuwakaribisha. Nilimwambia asimwonyeshe mpwa wangu, atakufa moyo. Akishajua kwamba mahari huweza kutoka upande wa pili, nani atanunua simuleta ya saa nane za usiku?

Sifa nyingine ni kuchuja. Zamani marubani walichujwa kwa macho, kwa hisabati na kwa mkono uliotulia. Vipimo hivyo vilikuwa na dhuluma: mtoto wa mvuvi angeweza kumshinda mtoto wa tajiri. Sasa kimeongezwa kipimo kisichobishaniwa, kwa kuwa benki huandika salio wazi. Na asiye na salio huwa na ukoo. Mchuma janga hula na wa kwao. Retingi nayo imewakumbusha wa kwao. Binamu waliokuwa hawasemezani tangu ugomvi wa shamba sasa wamo kundi moja la simu, wanatumiana picha za ndege ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipanda.

Nami nimechaguliwa mweka hazina. Kikao cha kwanza ni Jumamosi hii baada ya laasiri, nyumbani kwa dada yangu. Chai na mahamri vipo. Na kama kuna msomaji anayetafuta kisima huku Kilifi, maji baridi, hayana chumvi, kinauzwa.