Droo ya N

Watu wakiingia kwenye kliniki yetu hapa Kibenga huwa na maswali mawili. La kwanza: daktari yupo? La pili: kwa nini hayupo? Yote mawili naulizwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewekwa mlangoni, nyuma ya kioo kilichotobolewa tundu dogo la kusemea. Fundi aliyelitoboa alikuwa mfupi, kwa hiyo kila mgonjwa sharti ainame ndipo nimsikie. Mtu aliyeamka na homa, kisha akainamishwa, hawezi kukupenda.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Nimekulia kwenye avenyu zenye namba badala ya majina, ambako mtu akiumwa jirani hujua kabla ya mgonjwa mwenyewe. Kibenga ni mambo mengine. Kuta ni ndefu, kila geti lina zamu, yaani mlinzi, wake, na ugonjwa wa mtu ni siri yake, ya dereva wake na ya boyi wake. Wenye magari makubwa hawapangi mstari, wanamtuma dereva aje kuupanga.

"Nani anaumwa?" namuuliza.

"Bosi."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani, amejipumzisha kidogo. Akikaribia kuitwa, dada, unanibipu nikamlete."

Basi asubuhi benchi langu la wagonjwa limejaa madereva wenye afya nzuri kabisa, wanacheka, wanatazama mpira kwenye simu, na mama mwenye homa ya kweli amesimama kwa kukosa pa kukaa. Nikimwomba dereva ampishe, ananijibu kwa heshima zote kwamba kiti hicho si chake, ni cha bosi.

Lakini hayo ni madogo. Adui yangu mkubwa katika kazi hii ni herufi N.

Kabati letu la mafaili lilitengenezwa na mtu asiyewahi kukanyaga Burundi. Aligawa alfabeti sawasawa, kama anayewagawia watoto mkate, kila herufi kipande chake. Matokeo yake droo za Q na X zipo tupu tangu zilipofika, na mimi naweka humo majani ya chai na viatu vyangu vya mvua. Droo ya N haifungiki. Humo wamo akina Ndayishimiye, Ndayizeye, Ndayikengurukiye, Niyonkuru, Niyongabo, Niyonzima, Nduwimana, Nduwayo, Nshimirimana, Nkurunziza, Ntahomvukiye, wengi wakimshukuru Mungu na kumtegemea, wamebanana humo hata faili moja halitoki bila kuvuta mengine matatu. Nilimwomba daktari kabati la pili, la N peke yake. Aliniambia nijaribu kupanga vizuri.

Na tusiseme ni shida ya wananchi wa kawaida. Hesabu mwenyewe: Ndadaye, Ntaryamira, Ntibantunganya, Ndayizeye, Nkurunziza, Ndayishimiye. Marais sita, wote wa droo yangu. Wenye herufi nyingine ni Micombero, Bagaza na Buyoya, na hao watatu, kwa zamu zao, 1966, 1976 na 1987, waliingia ofisini bila kungoja kuitwa. Hayo nayasema kama mtu wa mapokezi tu, siasa siijui.

Mgeni atauliza: si utafute kwa jina la ukoo? Ndugu mgeni, jina la ukoo liko wapi? Kwetu kila mtoto anazaliwa na kupewa lake. Baba ni Hakizimana, mama ni Nizigama, mtoto wa kwanza ni Irakoze, wa pili Nduwimana, na wote wanaishi nyumba moja, wanakohoa kikohozi kimoja, na wanataka niwatolee mafaili yao kwa mkupuo. Jina la ubatizo nalo halisaidii. Nikiita "Jean" pale barazani nimeita nusu ya wanaume. Lazima niendelee: Jean-Marie, Jean-Bosco, Jean-Claude, Jean de Dieu. Jumatatu moja niliita "Niyonkuru Jean-Claude" wakasimama watatu, wa tatu wao akiwa dereva. Nikamkumbusha kwamba yeye haumwi. Akasema ndiyo, lakini ameitwa.

Walau mapacha, utasema. Mapacha ndio kabisa. Wakizaliwa pacha, mkubwa ni Bukuru na mdogo ni Butoyi, iwe Ngozi, iwe Rumonge, iwe kwa tajiri, iwe kwa mvuvi. Anayewafuata anaitwa Ciza. Kwa hiyo mama ananiambia kwa sauti ya mtu anayenirahisishia kazi: "Tafuta tu Bukuru, utamwona." Namwona, mama. Nawaona wote. Na wazee wetu wengine hawana tarehe, wana "karibu na 1950", kwa hiyo hata kuwatenganisha kwa umri haiwezekani. Nilianza kuandika anwani ili zinisaidie. Kuna mzee niliyemwandikia "nyumba iliyo mbali kidogo na ziwa". Mwaka 2024 Tanganyika ikapanda, maji yakaingia kwenye nyumba za ufuoni upande wetu huu wa kusini mwa mji, na mzee akaja mwenyewe kunisahihishia faili: futa hilo neno "mbali".

Simu ndiyo kazi yangu ya pili. Mrundi hawezi kukupigia simu akasema anachotaka. Kwanza salamu, amahoro. Kisha amahoro ya nyumbani. Kisha watoto, kisha kazi, kisha mvua imenyesha huko? Mimi naye tunatenganishwa na barabara moja, ila anataka kujua kama mvua imenyesha huku. Anapofika kwenye "sasa, dada, nilikuwa nataka kukuuliza", yunite zinakata. Halafu ananibipu. Nisipompigia, akija ananiambia mbele za watu kwamba kliniki yetu haipokei simu.

Lugha nazo zina ngazi zake. Mgonjwa wa Kibenga huanza na Kifaransa, ili nijue amesoma. Nikimwambia asubiri, anashuka kwenye Kirundi, ili nijue kwamba sote ni watoto wa nchi hii na mambo huzungumzwa. Nikimwambia tena asubiri, hapo ndipo Kiswahili kinapotoka, na hapo nami nafurahi, maana kwa Kiswahili hanishindi. Nimekulia Buyenzi, nimekwambia. Sheria ya 2014 ilituongezea Kiingereza kuwa lugha rasmi ya tatu, na lazima niseme kwa haki kwamba mpaka leo hakuna aliyenitukana kwa Kiingereza.

Ugonjwa wenyewe? Ni malaria. Hakuna anayekuja kwangu bila kujua kwamba ni malaria. Meno, malaria. Kuteguka mguu, malaria imeteremka mguuni. Huwezi kuwalaumu sana: mwaka 2016 wagonjwa wa malaria waliorekodiwa walizidi milioni 8 katika nchi ya watu kama milioni 11, na Machi 2017 serikali ikatangaza rasmi kwamba ni janga. Baada ya namba kama hizo kila Mrundi ana haki ya kujiona bingwa. Tatizo ni kwamba mabingwa hawataki kulipia kumwona daktari. "Mimi najua ninachoumwa, dada. Nipe dawa tu." Namwambia mimi si muuguzi, mimi ni mapokezi. Ananitazama kwa huruma, kana kwamba nimeungama kuwa sina akili: "Miaka yote uko hapa na hawajakuonyesha?"

Kuna na wale wa miaka minne. Tangu 1 Mei 2006 watoto wa chini ya miaka 5 wanatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, na akina mama wanajifungua bure, jambo jema sana, nami wadogo zangu wamefaidika nalo. Sisi ni kliniki ya mtu binafsi, bei zimebandikwa ukutani, lakini habari njema ikishasikika haichagui mlango. Nimeletewa watoto wa miaka minne wenye ndevu zinazoanza. "Ana miaka mingapi, mama?" "Minne na miezi." Miezi mingapi hasemi. Mtoto mwenyewe amevaa sare ya shule na anamsahihisha mama yake Kifaransa. Wengine wanakuja na kadi ya CAM, ile ya bima ya matibabu ya familia iliyoanza 1984 kwa ajili ya vituo vya serikali, wanaisukuma kwenye tundu la kioo na kuiacha hapo, wakinitazama, kana kwamba ikikaa muda mrefu mbele yangu nitaizoea.

Fedha tu ndiyo iliyowahi kunifurahisha, na ilikuwa mara moja. Juni 2023 Benki Kuu ilibadilisha noti za 5,000 na 10,000 na kuwapa watu siku 10 kuzirudisha zile za zamani. Wiki hiyo Kibenga ilikumbuka madeni yake. Watu ambao daktari alikwisha kuwasamehe moyoni walikuja wanatabasamu, wakalipa, wakauliza kama wanaweza kulipia na homa ya mwaka ujao. Droo ya fedha ikajaa kuliko ile ya N. Kisha daktari akanituma mimi benki na mfuko, nikakuta mji mzima umejipanga pale, na mbele yangu kabisa wamesimama madereva wangu wa benchi, kila mmoja na mfuko wa bosi.

Nani anamtetea mtu wa mapokezi? Umeme ukikatika, wananigeukia mimi. Mashine ya maabara ikilala, mimi. Jumamosi asubuhi, nchi nzima ikiwa kwenye kazi za jamii na magari hayatembei, kuna mtu atapiga simu saa mbili aniulize kwa nini hatujafungua, na ukimsikiliza vizuri utasikia majembe nyuma yake. Esansi ya magari ikikosekana, basi, hilo ni kosa langu la moja kwa moja, kwa sababu daktari anachelewa.

Na anachelewa kweli. Siku moja alikuwa kwenye mstari wa kituo cha esansi tangu alfajiri, na baraza limejaa mpaka kwenye ngazi. Nikampigia. Simu ya kliniki imeharibika, haiongei bila kipaza sauti, kwa hiyo wagonjwa wote wakamsikia daktari wao akilalamika: watu hawa hawana utaratibu, wengine wamewatuma madereva wao kupanga mstari, kuna mmoja amepita mbele akidai ana neno moja tu, na yeye amemweleza kijana wa pampu kwamba ni daktari, ana wagonjwa, kijana akamjibu hata wale wengine wanasema ni madaktari. Akamaliza kwa kusema kwamba kijana huyo ni mkali mno, hana adabu, hajui kuongea na watu.

Barazani kukawa kimya. Kisha mama mmoja, aliyekuwa akinisema tangu saa moja, akainama kwenye tundu langu akauliza huyo kijana wa pampu anapatikana kituo gani, kwa sababu angependa kumpa mkono.

Shukrani za kliniki huwa na anwani moja. Mtu akipona anamletea daktari samaki aina ya mukeke, wabichi, wa asubuhi hiyo hiyo kutoka ziwani, wamefungwa kwenye mfuko unaovuja. Daktari yuko na mgonjwa, kwa hiyo mukeke wanawekwa mezani kwangu, juu ya mafaili. Mimi ndiye ninayewafukuzia nzi. Mimi ndiye ninayegombana na paka wa zamu. Jioni daktari anapita, ananusa, ananiuliza kwa nini mapokezi pananuka samaki, anachukua mfuko, anaondoka. Faili la Nduwimana fulani linanuka mukeke mpaka leo, na kila akija daktari mwenyewe anamshauri aongeze usafi.

Sasa tumeletewa kompyuta. Daktari amenunua programu ya kutunza wagonjwa, imetoka ng'ambo, na kijana aliyekuja kuiweka aliniahidi kwamba kabati litakuwa historia. Programu ikafunguka, ikauliza jina la ukoo. Nikaacha wazi. Ikakataa kuendelea. Nikaandika "hana". Ikakubali, na nilipofanya hivyo kwa wengine kadhaa ikanionya kwamba wapo tayari wagonjwa wengi wa ukoo wa Hana na ikataka kujua kama ni ndugu. Nikampigia kijana. Akasema niandike jina la baba. Basi nawaingiza wote kwa jina la baba, mmoja mmoja: akina Bukuru na Butoyi, Ciza, Irakoze, Kaneza, na baba zao, ukiwauliza, ni Ndayi na Niyo na Nshimi. Karibu wote sasa wanahamia N, hata wale walionipa nafuu kwenye kabati. Jana nilikuwa nimefika kwa wa ishirini hivi, na umeme ukaenda.