Sweta la Wifi

Kabatini kwangu ukoo mzima umelala vipandevipande. Mjomba ana mgongo na kifua, mikono hana. Wifi ana mikono, tena miwili iliyolingana, ila kiwiliwili chake bado ni madonge ya uzi ndani ya mfuko. Jirani akipita kibarazani na kunikuta na sindano ananiamkia “Kamwene,” kisha ananipongeza kwa kupumzika.

Kufuma kwenyewe sina ugomvi nako. Mstari wa mbele, mstari wa nyuma, mkono unajua njia, redio inaongea, maharage yanachemka. Balaa huanza sindano zikishawekwa chini. Watu wanadhani sweta hutoka kwenye sindano kama mkate utokavyo kwenye oveni. Wapi! Vinatoka vipande vinne vilivyojikunja pembeni, visivyofanana na vazi lolote lililowahi kuvaliwa na binadamu. Uvilowanishe, uvitandaze juu ya taulo, uvivute hadi vifike kipimo, uvibane kwa pini, uvingoje vikauke. Na hapa Njombe, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni, kitu chenye maji hakikauki, kinatafakari. Usinishauri pasi. Uzi mwingi wa dukani ni akriliki, pasi ya moto ikiugusa unalala na hauamki tena.

Kisha uunge mabega. Uunge mbavu. Uchomeke mkono kwenye tundu lake, na mkono siku zote ni mpana kuliko tundu, ingawa vyote viwili vimetoka kwa fundi mmoja. Uokote vitanzi kuzunguka shingo ufume ukosi. Halafu ncha. Kila ulipobadili rangi, ncha mbili zimebaki zikining’inia upande wa ndani, na huwezi kuzikata tu, zitafumuka. Kila moja inatakiwa ipitishwe kwa sindano butu, iende kidogo, igeuke, irudi. Wifi yangu alitaka mistari. “Mistari myembamba, wifi, ndiyo inapendeza.” Inampendeza nani? Yeye hataiona kwa ndani.

Maombi huanza Aprili. Simu ikifunguliwa kwa “Shikamoo shangazi, huko baridi imeshaanza?” najua haiulizwi hali ya hewa. Ninao wapwa Dar es Salaam wanaotaka masweta mazito ya kuvaa ofisini, kwa sababu ya kiyoyozi. Mji mzima unavuja jasho, wao wanalipia umeme kutengeneza baridi, kisha wananitafuta mimi niiondoe. Na wakiagiza seti ya mtoto mchanga ndiyo hatari zaidi, maana bibi yeyote wa Dar, hata katika joto la Machi, hakubali kichanga kitoke hospitali bila kofia, kisweta, soksi na shali. Mtoto naye hangoji soksi ya pili. Akishazaliwa anaanza kunenepa bila kumshirikisha mtu, na nikimuuliza mama yake kipimo cha kifua ananijibu, “Wa kawaida tu, shangazi.” Kawaida ni sentimita ngapi?

Mjomba ndiye bingwa. Nilipokwenda kumpima alikataa futi kamba. “Mwanangu, kipimo changu ni kile kile cha siku ya harusi yako.” Niliolewa mwaka 1998. Tangu hapo tumbo lake limepandishwa cheo mara kadhaa, lakini huwezi kumwambia mjomba neno hilo, hivyo nikamkadiria kwa macho akiwa anakunywa chai, upande upande, kama sisi watu wa heshima.

Bei sizungumzi. Ndugu hulipa uzi, na uzi wenyewe huleta pungufu. Wewe unaongeza donge la mwisho, na hapo ndipo kwenye mambo wasiyoyajua wanaokuja kuvaa. Kwenye karatasi ya donge kuna namba: madonge yaliyotiwa rangi kwa pamoja hubeba namba moja. Ukirudi dukani baadaye, jina la rangi ni lile lile, namba nyingine, na bluu ya mkono wa kulia itagombana na bluu ya kifua mbele ya wageni wote wa kipaimara.

Ndiyo maana uzi mwingi nautafuta mnadani, kwenye mitumba. Unaligeuza sweta ndani nje na kutazama mbavu zake. Likiwa limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache hapo hapo, ukilifumua utaambulia vijiuzi vifupi. Likiwa limeungwa ukingo kwa ukingo, vipande vyake vilifumwa kwa umbo, na uzi mmoja mrefu utakufuata mpaka kwapani. Unauzungushia mgongo wa kiti, unauosha, unautundika na kitu kizito unyooke. Uzi mzuri, na hakuna wa kukuuliza kama umebaki.

Mwezi uliopita nikakutana na sweta la sufu halisi, zito, halina lebo. La mkono. Kuna mama, mahali penye theluji, alilikalia hilo. Akaunga mabega, akachomeka mikono, akashona vifungo vya mbao, akampa ndugu yake. Ndugu akalitia kwenye mfuko wa nguo za kutoa. Likavuka bahari ndani ya belo, na kijana wa mnadani akanitajia bei ya chai na maandazi mawili. Nilisimama pale nimekasirika kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Kisha nikaomba punguzo.

Nyumbani nikashika mkasi mdogo, nikatafuta ncha ya kuanzia kufumua. Nikavaa miwani. Nikalipeleka dirishani. Hakuna ncha. Yule mama kazificha zote, kila moja imekwenda, imegeuka, imerudi, hata chini ya kola ambako mume wake mwenyewe asingetazama. Nikaona kulikata ni uchokozi, nikalivaa.

Jumapili wifi akaliona kanisani. Tulipotoka akanishika bega, akalipapasa mkono mzima, akapekua hadi ndani ya pindo. Anataka kama hilo hilo. Ile mistari, amesema, nisihangaike nayo tena.