Koma Moja, Kurasa Elfu Thelathini

Mhariri wetu ni mtu wa koma. Anaweza kuiacha habari nzima ya Bunge ipite bila neno, halafu akakuita mezani kwa ajili ya koma iliyoruka. Siku alipogundua kwamba anwani iliyo chini ya kila ukurasa wa tovuti ya gazeti imekosa koma baada ya sanduku la posta, alinijia akitabasamu. "Mdogo wangu, hicho si kitu cha dakika moja?"

Kuiweka koma ilikuwa sekunde tu. Kilichofuata ndicho kilichonishindisha na njaa mchana kutwa.

Tovuti yetu ni tuli. Yaani hakuna hifadhidata inayoulizwa kila msomaji anapobisha hodi. Kurasa zote zimeandaliwa mapema, zimekaa kwenye seva zinasubiri kuchukuliwa. Msomaji anafaidi, maana zinafunguka upesi hata kwa bando la jero. Lakini sisi tuna makala za miaka na miaka, kurasa zaidi ya elfu thelathini, na ile anwani ipo chini ya kila mmoja. Ukigusa koma, zote zinajengwa upya. Ni sawa na kumwita fundi abadilishe kitasa, ukamkuta anachimba msingi.

Programu inayojenga ni Jekyll, aliyoitoa Tom Preston-Werner mwaka 2008 kwa wenye blogu. Kwa blogu ya mtu mmoja ni raha tupu. Gazeti lenye tanzia, michezo na mashairi ya wasomaji ni habari nyingine.

Halafu kuna kisanduku cha "Habari zinazofanana". Aliyekiweka alishahama kazi, na jina lake hapa halitajwi mbele ya wageni. Kisanduku hicho huchukua kila habari na kuilinganisha na nyingine zote. Habari 30,000 mara 30,000 ni milioni 900. Kompyuta inajiuliza mara milioni mia tisa kama bei ya nyanya inafanana na ajali ya basi, ili mwishowe imwoneshe msomaji vichwa vitatu asivyovibonyeza. Na kurasa zikiongezeka maradufu, ulinganishaji unaongezeka mara nne.

"Tayari?" Mhariri akauliza.

"Inajenga, kaka."

Akaenda kuswali adhuhuri, akarudi. "Bado inajenga? Ghorofa?"

Ilipokaribia kumaliza, huduma tunayojengea ikakata kazi kwa sababu muda unaoruhusiwa umekwisha. Haikuhifadhi hata ukurasa mmoja. Tukaanza na alifu.

Wazee wa kazi hii hawashangai. Movable Type, ya mtu na mkewe, Ben na Mena Trott, iliyotoka 2001, nayo ilijenga kurasa mapema, na wenye blogu nene walikaa wakingoja. WordPress ilipokuja mwaka 2003, ikitengeneza ukurasa pale unapoombwa, kungoja huko kukaisha. Miaka michache baadaye tukarudi kungoja, kwa hiari yetu, tukaita maendeleo.

Vijana wa ofisini wanataka tuhamie Hugo, ya mwaka 2013, na kwa kasi kweli inasifika. Wengine wanaitaka Next.js, ambayo tangu 2020 inaweza kuujenga upya ukurasa mmoja mmoja bila kuiamsha tovuti nzima. Sina ugomvi nao. Ila kuhama na kurasa elfu thelathini ni mradi, na mradi unahitaji kikao, na kikao kinahitaji maandazi. Nikakifuta kisanduku.

Ujenzi ukaisha kabla chai haijapoa. Koma ikaonekana. Hakuna msomaji hata mmoja aliyeuliza kisanduku kimekwenda wapi.

Mhariri alifurahi mno, akavuta kiti. Sasa anataka juu ya kila ukurasa, hata wa zamani, iwepo tarehe ya leo. "Na ya Hijria pembeni," akasema. "Ila hiyo, unajua, inabadilika magharibi."