Hoho za Shangazi

Ramadhani hiyo nyumba yetu ya Tabata ilipata ugeni wa baraka: shangazi yangu kutoka Wete, Pemba, ambaye mchuzi wake wa nazi tangu udogoni sijaonja mfano wake. Mke wangu, mzaliwa wa Iringa, anashinda kazini, kwa hiyo alimwachia jiko kwa moyo mweupe. Asubuhi moja akamwagiza mlangoni, mkoba begani: "Shangazi, nguru yumo kwenye friji. Mchuzini usisahau hoho. Kata nyingi, watoto wanazipenda mno."

"Haya mwanangu, nenda salama," akajibu. Baadaye alitusimulia kwamba siku nzima alikuwa akiwatazama wale watoto kwa heshima mpya.

Hoho tatu kubwa za kijani zilikuwemo kwenye friji. Shangazi aliziona, akaziacha palepale. Kwake yeye zile ni pilipili boga, na boga hakuagizwa. Hoho aijuayo ni ile inayowasha. Akatoka uani kwenye mpilipili kichaa ulioota kando ya tangi la maji. Mti huo hatukuupanda sisi, walitupandia ndege. Ndege hawausikii ukali wa pilipili. Huila kama tunda lolote, kisha huangusha mbegu popote watuapo. Shangazi akachuma kiganja kizima cha zile nyekundu zinazosimama wima, akazikatakata pamoja na nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu, ambako hasa ndiko ukali unakokaa. Juu yake akamimina tui zito. Harufu ilikuwa ya peponi.

Tulifungua kwa tende na uji, tukaswali magharibi, tukarudi mkekani kwenye mihogo na mchuzi. Mwanangu mkubwa alitangulia kupiga ukelele. Mdogo, kwa kuchanganyikiwa, akafikicha jicho kwa vidole vilevile alivyochovyea mchuzi, na hapo nyumba nzima ikasimama. Jirani yetu, mtu wa adabu, aliendelea kutafuna huku jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, akimsifu mpishi. Jagi la maji lilizunguka na kuzunguka, na kila funda lilichochea moto. Kiini kinachowasha, kapsaisini, hakiyeyuki majini. Maji hukitembeza tu mdomoni. Kinayeyuka kwenye mafuta, na maziwa yana protini inayokinasa na kukibandua ulimini. Mke wangu alipopata mtindi dukani ndipo kilio kilipotulia. Jicho la mdogo tuliliosha kwa maji mengi ya bomba mpaka likafunguka. Usiku vidole vya shangazi navyo vikaanza kuwaka; tukavisugua kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni.

Maskini, alikuwa akijikagua vidole akitafuta malengelenge. Hayakuwepo. David Julius, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, ndiye aliyegundua kwamba kapsaisini huamsha kipokezi kilekile cha neva kinachoamshwa na joto la kuunguza. Mwili unapiga yowe la moto pasipo na moto.

Baada ya tarawehe tukakaa kitako. Mke wangu alifungua friji na kuonyesha hoho zake, nzima, hazijaguswa. Shangazi akauliza tangu lini boga limekuwa hoho. Baba mdogo, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akaniomba nimshushie kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Tukafungua. Pilipili hoho imeelezwa humo kuwa ni pilipili nyekundu, ile kali. Shangazi hakusema neno, alivuta tu upande wa kanga yake akajitanda upya.

Baba mdogo akipata kisa kama hicho halali. Alituanzia India, kwenye neno la Kisanskriti, *pippali*, lililokuwa jina la pilipili ndefu ya huko, mmea mwingine kabisa. Waajemi wakasema *pilpil*. Waarabu, ambao hawana sauti ya p, wakasema *filfil*. Hata *pepper* ya Waingereza imetoka kwenye mzizi huohuo. Kwetu likatua pilipili. Zile punje nyeusi tukaziita pilipili manga, kwa sababu Manga ni jina letu la kale la Uarabuni, hasa upande wa Omani, ingawa punje zenyewe zilikomaa Malabar. Komamanga nalo limebeba jina hilohilo. Pilipili inayowasha ilikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki, Amerika, mpaka safari ya Columbus ya mwaka 1492 ilipofungua njia na mabaharia wa Kireno wakaisambaza. Ilipofika pwani ilikuta jina linaisubiri. Ndipo ikaja ile kubwa tamu, isiyowasha hata kidogo, na huku bara ikajitwalia hoho.

Nilimsikiliza nikiona fahari. Nachukia mtu anaposema maneno ya visiwani yamepitwa na wakati. Shangazi alipika kwa Kiswahili sahihi. Na mke wangu aliagiza kwa Kiswahili cha genge lolote la Dar es Salaam, nacho ni sahihi pia. Alimwomba shangazi radhi hata hivyo, naye akamjibu, "Radhi ya nini? Samaki hakuharibika." Kweli, walikuna nazi ya pili, wakaongeza viazi na tui, na mchuzi ule tukaula daku, bado unachoma lakini kwa ustaarabu.

Kesho yake shangazi alitoa amri ya jikoni: ndani ya nyumba hii hoho ni ile kali, na ile kubwa ni boga. Mke wangu akakubali. Jioni akamtuma mwanetu mkubwa gengeni akalete boga mbili za mchuzi. Mtoto alirudi na kijana wa genge nyuma yake, kila mmoja amekumbatia boga la kweli, yale ya manjano ya kilo nyingi. Shangazi akaagiza sukari na iliki, na tukafuturu boga la nazi siku mbili mfululizo.