Kupanda Hakuna Cheti

Katika mchezo wa kurusha roketi kubwa za kujiundia, kupanda hakukupatii chochote. Hata ndoo hupanda ukiiwashia baruti ya kutosha chini yake. Cheti hutolewa kwa kushuka. Roketi yako iteremke kwa parachuti, uifuate ilikoangukia, uibebe mwenyewe hadi kwa mkaguzi, naye aigeuzegeuze aone kama inaweza kurushwa tena papo hapo bila kutengenezwa. Ikivunjika pezi moja, hujarusha. Ikining'inia mtini usikoweza kufika, hujarusha. Ganda la mota likichomoka njiani na kuangukia kwingine, hujarusha, hata kama uwanja mzima ulisimama na kushangilia.

Mama yangu alikulia Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwa hiyo katika ukoo wetu yeye ndiye mwenye uzoefu wa roketi. Kuanzia 1967 hadi 1988 Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini hapo hapo, kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 iliangukia sikukuu ya Kenya kupata uhuru, ndipo ikabatizwa jina la Uhuru. Nilipomsomea kwa simu masharti ya cheti, alikaa kimya kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Wale Waitaliano, mwanangu, sikuwahi kuwaona wakipita mashambani kuulizia roketi yao."

Mimi ni mhasibu, naishi Wichita, Kansas. Mji huu huunda ndege tangu zamani, na kila mstaafu utakayemkuta barazani amewahi kupigilia ribiti kwenye bawa la kitu fulani. Mchezo wenyewe nao ulizaliwa jirani tu, jimbo la Nebraska, mwaka 1954, kwa mwenye duka la viatu aitwaye Orville Carlisle, aliyeunda na ndugu yake roketi ndogo ya mota inayotumika mara moja na kutupwa. Duka la viatu ndilo lililotuletea balaa lote hili.

Mota hupangwa kwa herufi. A ni ya watoto, na kila herufi inayofuata ina ukomo wa msukumo mara mbili ya ile iliyotangulia, hesabu ambayo mhasibu yeyote akiiona kwenye deni hukimbia. Mpaka G kwa kawaida hakuna haja ya cheti. Ukivuka nyutoni-sekunde 160 umeingia H, na hapo ndipo mambo huitwa makubwa: H na I ni cheti cha kwanza, J hadi L cha pili, M na kuendelea cha tatu. Nilianza na H.

Sanduku la vipande lilipofika, mke wangu alilifungua akidhani ni pazia. Ndani mlikuwa na mabomba ya kadibodi nene, pete za plaiwudi, mapezi matatu, kamba ngumu, kitambaa chekundu cha nailoni, na ncha ya plastiki, vyote vimerundikana kama mirathi ya seremala aliyekufa bila wosia. Karatasi ya maelekezo ilidai kazi ni ya mwishoni mwa juma. Haikutaja la mwezi gani.

Ukweli ni kwamba kuunda roketi ni kupaka gundi na kungoja. Moto hudumu sekunde mbili. Gundi ni maisha. Gundi yenyewe ni epoksi, chupa mbili unazochanganya sawa kwa sawa, na ina tabia moja ambayo haikuandikwa kwa herufi kubwa inavyostahili: ukiipaka nyembamba hukauka taratibu, lakini ukiirundika kikombeni hujichemsha yenyewe. Nilikuwa nimechanganya kikombe kizima cha kujazia kona baina ya mapezi na bomba, simu ya Malindi ikaingia, na simu ya Malindi haikatwi. Mama alikuwa anaeleza habari za arusi ya binamu, nani alikuja na nani alinuna, na kikombe kikawa cha moto mkononi, kisha kikafuka moshi mwembamba, kisha kikapiga mlio mdogo, ta! Nilipotazama, kijiko kilikuwa kimesimama wima katikati ya jiwe la rangi ya asali. Unaweza kukishika kijiko ukainua kikombe. Ni kijiko cha seti ya arusi.

"Baba Zuhura," mke wangu alisema, "vilikuwa kumi na viwili."

Baadaye kona zilijazwa, tena vizuri, kwa mgongo wa kijiko cha pili ambacho nacho hakikurudi jikoni. Epoksi iliyozidi ilipenya tundu la skrubu chini ya bomba ikashika meza, kwa hiyo kwa muda roketi yetu ilikuwa imejengwa juu ya fanicha. Nikaibandua kwa kisu na msasa. Alama iko mezani hadi leo. Wageni wanadhani ni ya sufuria.

Nilikuwa na wasiwasi mwingine ambao wasomaji wenye majina yanayotiliwa shaka ughaibuni kama langu watauelewa bila kufafanuliwa. Mtu wa jina hilo, Marekani, anabeba barabarani bomba jekundu la mita moja na nusu lenye ncha kali. Na chakula cha mota ni amoniamu pakloreti iliyogandishwa ndani ya mpira, kitu ambacho serikali iliking'ang'ania kwa miaka kuwa ni kilipuzi, mpaka mahakama ya Washington ilipowapa haki wana-roketi mwaka 2009. Nilikuwa nimeiweka nakala ya habari hiyo kwenye gari. Siku niliyoitoa roketi nje kuipaka rangi, jirani, mzee mstaafu wa kiwanda cha ndege, alivuka barabara polepole akiwa ameweka mikono kiunoni. Nikaanza kukumbuka nakala iko wapi.

"Pezi hili limepinda," akasema.

Akarudi kwake, akaja na vibano vinne, pembemraba na ushauri. Ushauri wake mkuu ulikuwa niweke parachuti kubwa zaidi ya ile ya sandukuni. Kubwa ni salama, alisema, itatua kwa adabu. Ushauri huo nitaurudia.

Tunarushia karibu na Argonia, safari isiyofika saa moja kwa gari kuelekea kusini-magharibi. Ni mji mdogo sana, ambao mwaka 1887 ulimchagua Susanna Salter kuwa meya, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Marekani; tangu hapo umeona hauna haja ya kujitangaza zaidi. Pande zote ni ngano, malisho, na anga tupu iliyoombewa ruhusa kwa mamlaka ya usafiri wa anga ili marubani wajue. Kasoro ya mahali hapo ni moja, upepo. Kanuni inakataza kurusha ukizidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Upepo wa Kansas umeisoma kanuni hiyo. Siku nzima hukaa kwenye kumi na nane.

Kabla ya kurusha kuna mkaguzi wa usalama, ambaye huvuta mapezi yako kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuthubutu, huuliza uzito, kisha huweka roketi kwenye kidole kutafuta kitovu chake. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kile cha msukumo wa hewa, angalau kwa upana wa bomba, ama sivyo roketi itageuka kuwatafuta waliokuja kuitazama. Nikiwa foleni niliona balaa jingine likimtokea mwenzangu. Msimamizi alipaza sauti watu watazame juu, na watu wazima, wakiwemo wenye viti vya kukunja na sandwichi, wakasimama wote kwa pamoja bila kuuliza. Ile roketi ikaja na kichwa chini, parachuti ikiwa bado imekunjwa vizuri, ikajichimbia kwenye nyasi hadi kiunoni. Mwenyewe alikwenda na sepetu. Kumbe watu hufunga safari na sepetu.

Zamu yangu ikafika. Nikaitelezesha roketi kwenye reli, nikaingiza kiwashio, nikarudi nyuma zaidi ya mita 30 zilizoamriwa. Tano, nne, tatu, mbili, moja. Roketi ikatoka. Sijui niseme nini zaidi. Mota ya dola hamsini na ushee iliungua chini ya sekunde mbili, na kwa taaluma yangu nisingependa kuipigia hesabu. Ikawa nukta, ikainamia upande unakotoka upepo kama zifanyavyo zote, ikasimama juu kabisa, mita mia nne hivi, kisha ikasikika pofu! ndogo, na parachuti kubwa ya ushauri wa jirani ikafunguka. Nikashangilia. Nilishangilia peke yangu, maana wazoefu walikuwa tayari wanautazama upepo.

Hesabu ni hii. Roketi inayoshuka mita tano kwa sekunde kutoka mita 400 hukaa hewani sekunde 80. Upepo wa mita nane kwa sekunde huibeba, kwa muda huo, mita 640. Parachuti yangu ilikuwa kubwa, kwa hiyo haikuwa na haraka hata ya mita tano. Ilipita juu ya magari, ikapita juu ya ua wa seng'enge, ikapita juu ya ng'ombe ambao hawakuinua vichwa, ikaingia anga la shamba la mtama na kuzama.

Kansas hulima mtama kuliko jimbo lolote la Marekani, na mimi nilikuwa nauonea fahari, mtama wetu wa Afrika ughaibuni. Ila huu si ule wa kwetu unaompita mtu kimo. Huu umefupishwa kwa ajili ya kombaini, unaishia kiunoni, mashuke yake mekundu yamekazana sawasawa hadi upeo wa macho, na hakuna chombo chekundu duniani kitakachoonekana ndani yake. Rangi nilichagua mwenyewe. Dukani ilikuwa inapendeza.

Njia ya kitaalamu ya kutafuta ni mmoja abaki kwenye reli amenyoosha mkono kuelekea ilikozama, mwingine aende akiongozwa kwa simu. Mke wangu akabaki na mkono.

"Kushoto," akasema.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa roketi."

Mkono ulipochoka akaubadilisha, na pamoja na mkono ukabadilika uelekeo. Nikapekua ekari za watu ambazo roketi haikuwahi kuziota. Hatimaye akaja mwenye shamba juu ya kigari chake cha magurudumu manne, akanitazama nilivyopambwa na mashuke.

"Unatafuta ile nyekundu?"

Ilikuwa imeuvuka mtama wote na kutua upande wa pili, katikati ya barabara ya changarawe, kwa adabu kabisa kama alivyoahidi jirani, bila mkwaruzo. Halafu pikapu ikapita. "Nilijaribu kuikwepa," mzee akasema, maana pikapu ilikuwa yake.

Nikaipeleka kwa mkaguzi ikiwa bapa. Akaitazama kwa huruma ya kweli. "Imeshuka vizuri sana," akasema. "Ila hairuki."

Roketi iliyofuata nikaivika parachuti ndogo. Ikatua karibu, ikatua kwa kishindo, ikavunja pezi. Hapo ndipo utaratibu mzima wa mchezo huu ulipo: parachuti kubwa hukupa roketi nzima iliyopotea, ndogo hukupa roketi iliyovunjika iliyopatikana, na ya kadiri huipati dukani ila kwa kupoteza za pande zote mbili. Cheti cha kwanza nilikipata asubuhi moja isiyo na upepo, ambayo wenyeji waliizungumzia kwa mshangao, na hakuna la kusimulia.

Sasa niko kwenye cha pili, mota ya J. Huku parachuti ni mbili: ndogo hutoka kileleni, kubwa husubiri mpaka roketi ikaribie ardhi, na anayeamua ni kifaa kinachopima hewa kwa vitundu vya ubavuni, kikiwa hai hulia pi, pi, pi. Kililia kabatini usiku kucha, na mke wangu alibadilisha betri za vitambua moshi vyote vya nyumba kabla hajakigundua.

Mtihani wa maandishi, unaotangulia, nimeufaulu. Roketi ilipanda zaidi ya kilomita, na nyuma ya wingu la kwanza hatukuonana tena. Ilikuwa inaelekea mtamani. Mtama wa Kansas huvunwa kati ya Septemba na Novemba. Basi ikiwa miongoni mwenu yumo mwenye ndugu anayeendesha kombaini maeneo ya Argonia, nawasihi mwambieni aende taratibu safu za kaskazini. Hii ni ya manjano, namba yangu ya simu iko ubavuni, na nikiletewa ikiwa nzima, mkaguzi amesema bado ataitazama.